Bi Harusi na Seli za Mma Tlhapi

Seipati alikuwa amekwisha pakwa poda na wanja, amebakiza viatu tu aingie kwenye hema la harusi yake, simu ilipolia. Alikuwa Obakeng, mwenzake wa maabara.

"Dada, mafua yamenishika. Napiga chafya kama mbuzi."

Mwenye mafua haingii chumba cha kukuzia seli, hata awe profesa. Na waliofundishwa kukiingia walikuwa wawili tu, Obakeng na yeye.

Ndani ya kabati la joto mlikuwa na seli za Mma Tlhapi, bibi wa mtaa wa Mamelodi ambaye kidonda cha mguu kilimgomea miaka mitatu. Walimnyonya mafuta kidogo tumboni, wakachambua seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka nyama, mfupa au mafuta, wakazilisha mpaka zikaanza kuzaana. Alhamisi zingetiwa kwenye kidonda. Jana, Ijumaa, zilikuwa zimefunika robo tatu ya sakafu ya chupa. Zikiachwa zibanane hadi Jumatatu zinachoka, zinageuka, hazifai tena kwa tiba. Na kunyonywa mara ya pili moyo wa bibi usingestahimili, daktari alishakataa.

"Naenda Pretoria nirudi," Seipati alisema. "Shangazi, nipe maji na sabuni."

Shangazi Mmapula akashika kiuno. "Umerogwa? Nyama iko chunguni, wakwe wako getini! Sabuni ya nini?"

"Poda hairuhusiwi mle. Wala manukato, wala shanga."

"Saa mbili nzima nimekupaka! Ndiyo kwanza umeanza kufanana na mtu!"

Onkarabile, bwana harusi, akachungulia mlangoni, akacheka mpaka tai ikalegea. "Mwache, shangazi. Nilimposa na uso huo huo. Twende, naendesha mimi."

Maabarani akavua gauni, akavaa mavazi ya kazi, akaichukua chupa kabatini. Akaiinamia hadubini. Seli zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, nyembamba, zimenyooka, kama samaki wanaopanda mto. Hakuna hata moja iliyoanza kuota tone la mafuta, dalili ya kugeuka. Akamwaga chakula kilichochakaa, akazisuuza, akatia dawa ya kuzibandua, akagonga chupa kwa kiganja. Zikajikunja duara moja moja, zikaelea. Akahesabu: katika kila mia, tisini na sita zilikuwa hai. Akazigawa chupa sita, akafunga kabati, akashusha pumzi.

Nje, kabla hajavaa hata viatu, akapiga simu.

"Mma, ni Seipati. Ziko nzima! Nimezihamishia nyumba sita."

"Nyumba sita!" bibi akashangaa. "Mimi nimelea watoto tisa kwenye moja, tena inavuja! Hizo ni seli au mabwanyenye?"

"Alhamisi usikose. Uje na mguu."

"Kwani niuache wapi, mwanangu?"

Bibi akapiga vigelegele, simu ikamponyoka Seipati mkononi, na Onkarabile garini akavijibu kwa honi, bila kukoma, mpaka mlinzi akatoka mbio akidhani kuna moto.