Asilimia za Felisian

Kila asubuhi mdogo wangu Felisian alimwamkia mama shikamoo, na mama akajibu, "Marahaba. Leo asilimia ngapi?"

"Sitini na nne." Wiki nyingine, sabini. Mama alitabasamu akavuta blanketi, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita haimhurumii mgonjwa. Mimi, Kristiana, nilikoroga uji huku nimeuma meno.

Sina ugomvi na elimu. Felisian anasoma shahada ya pili, na kazi yake ni kuigiza kwenye kompyuta bomba la chuma lisilo na hewa, ambamo elektroni hukimbia na kuzaa mawimbi makali ya mikrowevu. Bomba la namna hiyo huendesha mashine ya mionzi ya saratani. Linakula umeme mwingi, na sehemu kubwa hupotea kuwa joto tu. Asilimia zake zilikuwa kiasi cha umeme kisichopotea, naye alitafuta umbo litakalopunguza hasara hiyo, ili siku moja hospitali kama yetu imudu mashine hiyo.

Siku moja! Neno hilo mama hakulisikia. Saratani ya kizazi ilikuwa inammaliza, rufaa ya Dar es Salaam tunayo, na yeye hataki kupanda basi. "Nikafie njiani kwa nini? Mashine ya mwanangu ikifika mia wataileta hapa."

Nilimwita Felisian uani. "Mwambie ukweli."

"Dada, ndiyo furaha yake pekee."

"Furaha gani hiyo inayomchimbia kaburi?"

Alhamisi Felisian alikaa mezani hagusi chai. Alikuwa amegundua kosa. Elektroni zilizogeuka na kurudi nyuma, programu ilikuwa inazifuta tu, haizihesabu kwenye hasara. Sabini na tisa yake ya wiki hiyo kumbe ilikuwa hamsini na nane. Nilimwonea huruma kweli, lakini nilimshika mkono nikampeleka kitandani kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngapi?"

"Hamsini na nane. Nilikosea."

"Mbona imeshuka?"

"Hata ingefika tisini, mama, bomba lenyewe halipo. Ni mchoro kwenye kompyuta. Kulitengeneza ni miaka. Nilijua unalingoja, nikanyamaza." Akalia mbele yetu bila kujificha.

Nilidhani mama atageukia ukutani. Badala yake aliniambia nimtolee kitenge cha safari, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaanza kufunga mizigo ovyo ovyo.

"Acha hiyo kwanza," alisema. "Felisian, mpigie Bertha wa Milepa. Halafu Mama Kabula, yule mke wa mfugaji wa Namanyere. Tulipewa rufaa siku moja. Niliwaambia wasiende, wasubiri ya mwanangu."

Sikujua. Felisian naye hakujua. Alipiga simu.

Kwa Bertha alipokea mumewe. Akasema walimzika Jumanne.

Felisian aliishusha simu, akataka kukaa. Mama alijaribu kujifunga kitenge, vidole vikamshinda, nikamfungia.

"Usikae," mama alimwambia Felisian. "Piga Namanyere."