Pua ya Mjomba Elmer

Theluji yote ya yadi yetu ya magreda, ile tuliyoirundika kwa miezi minane pamoja na dizeli na vumbi lake, iliamua kuyeyuka wiki moja. Mvua nayo ikaona isiachwe nyuma. Kufikia Jumanne asubuhi maji ya bwawa la yadi yalikuwa yamebakiza shibiri moja kufika juu ya tuta. Chini ya tuta ni kijito, na kijito kinapomwaga baharini ndipo ulipo wavu wa mama yangu. Samaki walikuwa wameanza kuteremka, na kijiji kizima, kilichochoka kula vya makopo, kilikuwa kinamtazama yeye.

"Fungua koki, Lotti," akasema Dwyer, bosi wetu mpya, wiki tatu tu tangu atoke kusini. "Tuta likipasuka tutaokota magreda baharini."

"Bosi, maji hayatoki mpaka tuhakikishe hayana mafuta. Upande huu unaonekana safi, lakini upepo unayasukuma mafuta kule pembeni aliko mjomba Elmer akiyakagua, na bomba la koki huvuta maji ya kule. Tumsikilize kwanza. Kwa sasa tupampu tujaze lile tangi tupu."

"Kwa pampu hiyo? Inakunywa kama kuku!"

Akapanda gari, akaenda kumuuliza mjomba mwenyewe. Nikainama kufunga mpira wa pampu. Aliporudi alishika usukani wa koki kwa mikono miwili akazungusha. Bomba likakohoa, likaanza kutapika.

"Mjomba kasema sawa?"

"Hajakataa. Nimemuuliza nifungue, kanyamaza, kakunja pua tu. Si harufu ya dizeli?"

Nikauachia mpira wa pampu.

"Hiyo ndiyo hapana, bosi! Kwetu nyusi juu ni ndiyo, pua kukunjwa ni hapana!"

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Hapo alinipata. Nilimwonyesha barafu ya kukanyaga na ya kukwepa, nikamwambia la kufanya akikutana na dubu. Habari ya pua sikumwambia, maana nani humfundisha mtu mzima kupumua? Niliona aibu, na aibu ikanipa nguvu. Nilimpiga kikumbo bosi wangu, nikaning'inia kwenye usukani mpaka koki ikafunga.

"Tuta litaondoka!" akapiga kelele.

"Basi washa kuku wako!"

Akawasha pampu. Maji yakapanda, shibiri ikawa vidole vitatu, vitatu vikawa kimoja. Udongo ukaanza kutoa jasho miguuni petu. Dwyer alijaza mifuko ya mchanga, nami nikaipanga huku nikimwomba Mungu kwa sauti, bila kujali nani ananisikia. Kile kidole kimoja hakikupungua. Baada ya saa nzima vikawa viwili.

Mjomba Elmer akafika kwa miguu, buti zimejaa tope.

"Nilimwambia hapana, mpwa wangu," akasema. "Tena aliniangalia usoni kabisa."

Akashuka hadi kwenye mdomo wa bomba. Theluji iliyosalia pale ilikuwa imepata rangi, zambarau na kijani, na rangi hizo zilifuata mkondo. Alikwenda nazo mpaka ukingoni, akasimama, akageuka.

"Yamefika kijitoni?" Dwyer akauliza kutoka juu.

Mjomba akapandisha nyusi. Safari hii Dwyer hakuhitaji mkalimani, alikaa chini kwenye matope.

Nikachukua redio.

"Mama, unanipata?"

"Nakupata, mwanangu!" Alikuwa anacheka. "Wavu umelemaa kwa uzito! Mwambie Elmer alete ndoo, na asije na njaa, atanimalizia."

"Mama, toa wavu. Maji ya yadi yanakuja huko, yana mafuta."

Kicheko kikakatika. Nikasikia mawimbi, na mtu nyuma yake akiuliza kuna nini.

"Na hawa walionasa? Niwatupe?"

Nikapandisha nyusi.

"Lotti? Sikusikii, mwanangu. Niwatupe?"

Redio haina macho. Ilibidi nilitamke kwa mdomo.