Jumwa Wawili, Taa Moja

Ofisi yetu ya Diani huangalia pampu za maji ambazo hatuzioni. Zipo huko bara, Kinango, na kila moja ina kifaa kinachotuma habari zake: imewaka, imezima, tangi limejaa. Habari hizo ndizo tunazoziita kumbukumbu. Zamani kila kampuni iliyouza pampu ilikuwa na namna yake ya kuziandika, na ukitaka kuzisoma sharti ununue na programu yao. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumaliza utumwa huo. Niliichukua programu inayosafirisha kumbukumbu nikaiunganisha na kiwango huria, yaani mwandiko mmoja usiomilikiwa na kampuni yoyote, ili pampu zote zizungumze lugha moja na zionekane kwenye ramani moja. Ikakubali. Nilijiona, sifichi.

Tatizo lilikuwa majina. Katika mpangilio mpya, pampu hujulikana kwa jina lake na namba yake ya kiwandani. Majina waliyatoa wanakijiji wenyewe, na kwetu Waduruma mtoto hupewa jina la bibi au babu, kwa hiyo hakuna ukoo usio na akina Jumwa watatu wanne. Vijiji viwili vya ukoo mmoja vikaziita pampu zao Jumwa. Bila namba, mfumo ungeona pampu moja tu. Nilimweleza bosi wangu, Bwana Chande.

"Kadzo, wafadhili wanakuja wiki ijayo," alisema. "Minamba yote hii inachafua ramani."

Akaziondoa mwenyewe, na kwa tabasamu.

Haikupita muda, mjomba wangu Chome akapiga simu kutoka kijijini kwake, karibu na Samburu. Pampu yao ilikuwa imekufa, na ng'ombe wake wanne, ndio mali yake yote, hawakuwa wamekunywa tangu juzi. Nikatazama ramani. Jumwa, taa moja, kijani: maji yanatoka. Pampu iliyokufa haitumi habari, na Jumwa wa kijiji cha pili, kilicho mbali na kwa mjomba, alikuwa akivuta maji kama kawaida. Nikampelekea Bwana Chande simu ili asikie mwenyewe na atume fundi.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Huku mtambo unaonyesha maji yanatoka."

"Marahaba. Huo mtambo umeyanywa?"

Chande akacheka kwa adabu, akaaga, akanirudishia simu. "Watu wako wanapenda fundi aende kuwasalimia," akaniambia.

Nikampigia Kitsao, mlinzi wa ile pampu ya pili, nikamwomba aizime kidogo. Akaizima. Kwenye ramani Jumwa akawa mwekundu papo hapo. Nikamgeuzia Chande kompyuta aone kwamba taa ile ilikuwa ya pampu ya pili tu. Hakuomba radhi. Alisema fundi ataenda kesho, kwa sababu leo gari linapeleka viti Kwale kwa ajili ya wageni.

Mjomba hakuweza kungoja kesho. Jioni ile aliwaswaga ng'ombe hadi barabara kuu, ambako gereji moja ina tangi. Walipohisi maji walimtoka mbio, na lori likawagonga, wakafa wote wanne. Yeye alipona, kama huko ni kupona.

Fundi alikwenda, akakuta waya umekatika, akauunga, akarudi. Wageni nao wakaja, wakaipiga picha ramani yangu. Baadaye Chande akataka sauti ya mwananchi wa kuwashukuru, akaniambia nimpigie mjomba. Nilikataa. Nilimwambia aone haya. Akapiga mwenyewe, spika wazi, kinasa sauti mezani.

"Mzee, maji yanakujaje sasa?"



"Maji ni matamu, na yanatoka kwa nguvu," mjomba akasema. "Nimeoshea ngozi za ng'ombe wangu."

Chande akamshukuru, akakata simu, akazima kinasa sauti.

"Hapo pa ngozi tutapaondoa," akasema. "Haya ya mwanzo yanatosha."