Dawa Isiyoonekana

Mpimaji wa maabara alilisoma jibu, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Dawa haikuonekana. Hiyo haimaanishi kwamba haipo kabisa. Ina maana kwamba, kama ipo, ni ndogo kuliko mashine inavyoweza kuona.

Damu ile ilikuwa ya mdogo wake. Mwaka jana yeye, dada mtu, alimpa figo yake moja, na dawa ile ndiyo iliyouzuia mwili wa kijana usiikatae.

"Irudie basi," alisema mwenzake wa zamu. "Labda mashine imeamka vibaya."

"Sampuli ya ulinganisho inasemaje?"

Hiyo waliitia dawa wenyewe, kiasi wanachokijua, ili waipime mashine kabla ya kuiamini. Mwenzake aliinama kwenye kioo. "Imetoa vilevile tulivyotia."

"Na ile isiyo na dawa?"

"Tupu kama mfuko wangu."

Hakucheka. Utaratibu wao ulikuwa mmoja: ulinganisho ukienda kombo, rudia zote; ukisimama sawa, hurudii sampuli eti kwa sababu jibu limekuchoma. Alijaribu kuomba. Akapata maneno mawili tu, "Mungu wangu," yakamkaa mdomoni kama kidonge kilichogoma kushuka. Akaligusa kovu la ubavuni. Halikumuuma. Akaliidhinisha jibu, akanawa mikono, akatoka.

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi la nje, amekunja nne.

"Dada, mbona umenuna hivyo? Mashine imesemaje?"

"Haikuona kitu."

Akashusha pumzi, akatabasamu. "Si nilikuambia? Mimi mzima."

"Tulikuwa tunatafuta dawa, mdogo wangu. Sio ugonjwa."

Tabasamu lilikawia kuondoka usoni. Akaukunjua mguu, akaangalia viatu vyake.

"Vile vidonge vilikuwa vinanitetemesha mikono," alisema hatimaye. "Hata kikombe nilikuwa namwaga. Halafu nikawa najisikia vizuri, dada. Nikasema nipumzike kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

Mvua zilikuwa zimeshakatika. Dada alikaa kando yake. Alitaka kumgombeza, akaitafuta hasira, hakuiona. Labda ilikuwepo, ndogo kuliko anavyoweza kuona yeye.

"Inuka," alisema. "Daktari anatusubiri."

Akamshika mkono kumwinua. Ulikuwa umetulia tuli, hautetemeki hata kidogo.