Santuri Juu ya Kitanda

Kabati lilikuwa linatoka mlangoni, kichwa mbele, wabebaji wawili wakilitukana, mimi na shemeji tulipofika. Walisema limewatoa jasho kulichomoa chumbani utadhani limeota mizizi. Nyumba ilikuwa imeuzwa na watu wanahama. Meza, cherehani na masufuria vilishapakiwa. Binti wa nyumba, mwanamke wa makamo, muuguzi, alikuwa anaenda huku na huko funguo zikiwa kati ya meno. Waliokuwa bado hawajahama ni mama yake, kitandani, na santuri za marehemu baba yake, ghorofani.

Santuri ndizo zilizotuleta. Shemeji, aliyemwoa mdogo wangu wa mwisho, ni fundi redio, lakini ugonjwa wake ni roki: ile nzito ya magitaa yanayokwaruza, ile ya nyimbo ndefu zinazogeuka geuka njiani kabla hazijafika zinakokwenda, na ile wanayoiita saikedeliki, ambayo mimi nikiisikia naona kama kuta zinayeyuka. Bendi zenye majina hazitaki. Anataka zile zilizotoka kidogo, zikasahaulika, hata waliozipiga wenyewe hawanazo. Mimi sina ugonjwa huo. Maisha yangu nimezunguka na mizigo ya watu, melini, ghalani, kwenye malori, na siku hiyo mkoba wangu ulikuwa ndani ya gari lake kwa sababu nilikuwa naondoka tena. "Shemeji, nisaidie kushusha vitu kidogo," alisema, "halafu nakupeleka kituo cha basi."

Ngazi ya kwenda ghorofani ilikuwa nje ya nyumba. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, sakafu ya mbao, na kuta hazionekani kwa santuri. Mtu akikwambia santuri ni kitu chepesi, ujue hajawahi kuhama nazo. Moja ni nyepesi. Zikisimama ubavu kwa ubavu kutoka chini hadi darini, hayo ni mawe. Nilipoweka mguu, sakafu ilinipokea kama godoro.

"Shemeji, hii sakafu imelegea."

"Imebeba hizi tangu mimi sijaoa. Wewe umenenepa."

Akaanza kazi. Anachomoa ukutani, anatazama jalada, anaitoa sahani na kuilaza mwangani kuona mikwaruzo. Asiyoitaka anairudisha. Anayoitaka anaiweka katikati ya chumba, chini ya taa, juu ya nyenzake. Ndivyo wafanyavyo wote wenye ugonjwa huu: nzuri zinakusanywa pamoja, mtu azione zinavyopanda, moyo umtulie.

Na zilipanda. "Mungu wangu! Simenti Laini! Nilidhani hii ni uongo wa watu!" Jalada lilikuwa na wanaume watatu wamekaa ndani ya beseni la rangi, wamevaa tai. Akaiweka kwenye gramafoni yake ndogo ya betri. Gitaa likaingia kama msumeno, ngoma zikaporomoka, halafu kila kitu kikanyamaza na filimbi ikabaki peke yake, inatafuta njia. Nakiri ilikuwa nzuri. Lakini besi ilipogonga, niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio, na mbao zikaitikia. Nikasema naenda kutafuta maboksi. Kusema kweli nilitaka ardhi.

Chini niliingia chumba cha bibi. Kitanda chake kilikuwa katikati, sawasawa chini ya mahali shemeji alipokuwa anapanga. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kidevuni, fimbo ubavuni.

"Mmeipata?"

"Ipi, Bibi?"

"Ya Bundi wa Bati. Bendi ya mume wangu. Yeye ndiye anapiga kinanda."

Binti akanivuta pembeni. "Walirekodi sahani moja tu, baba yangu akaichanganya na zingine. Nimemwomba shemeji yako aitafute. Mama hatoki mpaka isikike humu. Nimemsihi mpaka koo limekauka."

"Nasikia unachonong'ona," alisema bibi. "Alifanyia mazoezi humu, nami nikipika na kulalamika. Nataka nimsikie humu, bila kulalamika, halafu nitoke. Ni kosa?"

Nikataka kusema si kosa, lakini vumbi lilikuwa linashuka kwenye shuka lake, taratibu kama unga unaochekechwa. Nikatazama juu. Dari lilikuwa limetoa tumbo. Boriti ya katikati ilikuwa na alama nyeupe, pana, mahali ambapo kitu kilikuwa kimeikandamiza kwa muda mrefu. Nikatazama sakafuni, kando ya kitanda: alama nne za miguu ya kabati.

"Bibi, kabati lilisimama hapa tangu lini?"

"Tangu boriti ilipoanza kulia. Mume wangu alilisogeza hapo akashindilia vipande vya mbao juu yake mpaka likabana. Alisema ataita seremala."

"Akamwita?"

"Akafa."

"Na hukumwambia binti yako?"

"Aliniuliza? Wamesema wanatoa kabati, wametoa kabati."

Binti alikuwa ameshika mdomo. Lori lilishaondoka na kabati na kila kitu. Tukatazama kama kuna nguzo, meza, hata mlingoti wa antena. Hapakuwa na kitu, nyumba ilishafagiwa. Akaenda kuujaribu mlango wa chumba. Asubuhi, alisema, ulikuwa unafungika kwa kidole. Sasa ulikwaruza saruji na kugoma nusu ya njia. Nyumba ilikuwa inatukalia.

"Tumbebe," nikasema.

"Nyonga yake ilitengenezwa. Tukimvuta kwa nguvu itachomoka. Akitaka mwenyewe anatembea. Asipotaka, ameshampiga daktari kwa hiyo fimbo."

Nikatoka mbio, mbio za mzee, nikapanda ngazi. Mlangoni miguu ilikataa kuingia. Lundo la katikati lilikuwa limefika kifuani mwa shemeji, na mbao chini yake zilikuwa zimeinama kama bakuli.

"Shemeji, toka! Sakafu inaanguka!"

"Toka niende wapi? Ya bibi sijaiona."

"Kabati lililokuwa linashikilia boriti wamelitoa!"

Hapo akageuka. Alitazama miguu yake, akatazama lundo. Rangi ilimtoka. Lakini alisema jambo la kweli, na ndilo lililonitisha zaidi: "Nikishuka mikono mitupu, bibi hatoki. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi natafuta nikiwa nimebana ukuta. Wewe fanya lako. Na shemeji," akasema, "usimwambie mdogo wako."

"Nisimwambie mke wako mwenyewe?"

"Hasa huyo."

Alianza kujivuta ukutani, mgongo kwenye rafu, vidole vinapita kwenye migongo ya majalada. Kila alipohamisha mguu, boriti ilitoa sauti. Chini binti akapiga kelele: kipande cha dari kilikuwa kimeanguka kwenye miguu ya bibi. Nilimsikia bibi akisema, "Ni kipande tu. Wana haraka gani hawa?"

Gramafoni ilikuwa karibu na mlango, na Simenti Laini bado juu yake. Upande wa pili, shemeji alikuwa ameniambia, ni kinanda mwanzo mpaka mwisho. Nikalala kifudifudi kwenye kizingiti, nikanyoosha mkono, nikaivuta. Sindano ikaruka ikakwaruza. Shemeji alilia kama amechomwa yeye.

Nikaiweka uani, chini ya dirisha la bibi, nikaigeuza sahani, nikafungulia sauti yote.

"Bibi! Imepatikana! Bundi wa Bati!"

Kinanda kikatoka. Kilikuwa kinanda cha fujo, kinakimbia, kinajikwaa, kinapanda juu na kubaki huko kikipiga mayowe. Nilihesabu pumzi zangu nikashindwa.

"Mwongo wewe!" Sauti ya bibi. "Huyo si mume wangu!"

"Ndiye, Bibi! Jina limeandikwa hapa!"

"Huyo anapiga kama anafukuza kuku! Mume wangu alikuwa na vidole!"

Binti alikuwa ndani, pembeni ya kitanda, chini ya lile tumbo. Alinielewa. "Ndiye, Mama," alisema, nami nilisikia machozi ndani ya uongo wake. "Baba hakuwa mpigaji sana. Tulikuwa tunamstahi tu."

Halafu kitanda kikalia, fimbo ikagonga saruji.

"Nipisheni! Nipisheni niende nikalizime hilo tope!"

Nikakimbilia mlango wa chumba, ambao sasa ulikuwa umebana kabisa. Binti aliuinua kwa bega kutoka ndani, mimi nikauvuta kutoka nje, na ili kuuvuta ilinibidi nisimame kwenye fremu, boriti kichwani kwangu, niisikie ikichanika uzi kwa uzi kama nguo. Nilitaka kuachia, nikimbie, Mungu ananiona. Bibi alikuwa anakuja hatua za kuku, anasimama kutukana, anaendelea. "Mume wangu! Eti hakuwa mpigaji! Nani alikulipia shule, kwa kinanda cha nani?" Alinipita akanigonga goti kwa fimbo. Binti akapita nyuma yake. Nikaachia mlango nikawafuata.

Bibi aliinama kwenye gramafoni, akainua sindano kwa kidole chake.

Muziki ulipokatika ndipo tuliposikia nyumba. Ilitoa mlio mrefu, wa chini. Shemeji alipaza sauti huko juu, neno sikulishika, halafu boriti ikakatika, lundo likashuka, na rafu zikalifuata, ukuta mmoja baada ya mwingine. Vumbi lilitoka dirishani kama moshi.

Shemeji tulimtoa akiwa hai, amevunjika mguu na mbavu. Alikuwa ameteremka na rafu ya mwisho, ile ya ukutani. Kitanda cha bibi kilikuwa kimelala bapa na sakafu.

Mguu wa shemeji uliunga vibaya, sasa anachechemea. Bado anatengeneza redio. Anasema alikuwa ameishika ile ya Bundi wa Bati mkononi. Kwenye vifusi haikuonekana, nami simbishii. Alizookoa ameziweka chumba cha chini, na mdogo wangu amemkataza kuongeza. Aliyenunua nyumba aliibomoa. Binti bado ni muuguzi. Bibi alikaa kwa binti yake miaka michache, akafa kwa kifua, na mpaka mwisho alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba kuna mzee mmoja mwongo aliyemsingizia mumewe. Mimi niliondoka wiki iliyofuata, kwa basi la asubuhi.