Neno Pekee

Neno lenyewe ni "pekee", na limeniotesha mvi kabla ya wakati wake. Kwenye tovuti yetu ya hadithi, mwandishi akiweka kazi yake lazima achague lebo moja kati ya mbili. "Mfululizo" ni hadithi yenye sehemu nyingi. "Pekee" ni ile inayoanza na kwisha hapohapo, haina mwendelezo. Kuna ugumu gani hapo? Mimi ndiye mkaguzi wa lebo, kazi ya kujitolea, yaani ya kutukanwa bila malipo.

Kuna kinyozi mmoja, tunamwita Bwana Utamu. Hadithi yake imefika sehemu ya sitini, mhusika mkuu amekufa mara mbili na bado anaoa, na lebo ni "Pekee". Nikamwandikia kwa adabu. Akanijibu, "Kwani dada, umewahi kusoma nyingine kama hii?" Kadhani pekee ni sifa, kama mtu asemavyo mwanangu ni wa pekee. Na si yeye tu. Wenye majivuno wote wamejazana kwenye "Pekee", wanyenyekevu wamejibanza kwenye "Mfululizo", na wasomaji wananilaumu mimi. Nimeeleza mpaka sauti imekauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa juzi shangazi yangu, mdogo wake baba, akanipigia simu. "Mwanangu, njoo unifutie ile hadithi. Watu wako wamenichosha."

Nilijua ni ipi, maana anayo moja tu. Shangazi ni fundi cherehani, na mumewe alifariki mwaka jana. Mimi ndiye niliyemsukuma aandike. Akaandika ukurasa mmoja na nusu: mwanamke anapiga pasi shati la mumewe, analitundika nyuma ya mlango, anakwenda kulala. Basi. Niliisoma nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Kuifuta ingekuwa dhambi, na nilikwenda kwake nimekula kiapo kwamba haifutwi.

Nikamkuta kwenye cherehani, kitambaa cha pazia kimemwagika mpaka sakafuni, pini mbili mdomoni. Akanisogezea simu kwa kiwiko. Maoni yalikuwa yamejaa chini ya hadithi. "Sehemu ya pili lini?" "Mume anarudi lini jamani?" "Mwandishi usituringie, tunamsubiri mwenye shati." Nikapandisha macho kwenye lebo. Mfululizo.

"Shangazi, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Nani kakwambia uweke Mfululizo?"

Akatoa pini mdomoni. "Ulitaka niweke Pekee, watu waseme najiona? Kwa hadithi ya shati?"

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia, bila heshima inayompasa, kwamba pekee si sifa, kwamba maana yake hadithi iko peke yake, haina inayofuata, na kwamba angebonyeza panapotakiwa, hakuna ambaye angemsumbua.

Mguu wake ukatulia juu ya kanyagio. "Iko peke yake," akasema. "Hilo nalielewa vizuri. Mngeandika hivyo."

Nikamfungulia ukurasa wa kubadilisha, nikamwonyesha pa kubonyeza. "Badilisha tu, usifute. Wataona imeisha, wataacha kuuliza."

"Wote?"

"Wote, shangazi. Utapumzika."

Akaitazama simu. Mimi nikaanza kumkunjia pazia, nikijua nimeshinda.

"Unajua," akasema, "baba yako na ndugu zako walikuja mazishini, wakalia, wakaondoka. Tangu hapo hakuna anayelitaja jina la mume wangu mbele yangu. Wanaogopa nitalia." Akavaa miwani. "Hawa ndio watu pekee wanaouliza atarudi lini."

"Lakini lebo si sahihi," nikasema, na aibu ikanishika kabla sijamaliza.

"Najua si sahihi, mwanangu."

Akashuka mpaka kwenye maoni, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, akitamka kila neno: "Bado sijajua. Asante kwa kuuliza."