Jina Lililosimama Mlangoni

"Mlete hapa," Roselyn alisema. "Mikono yako ina unga, na huyu ana hasira."

Linet alifungua leso mgongoni, akamkabidhi mama mkwe wake mtoto, kisha akarudi kwenye beseni. Unga ulikuwa umeumuka kupita kiasi. Ulipanda mpaka ukingoni na kuanza kuporomoka upande mmoja, maana tangu asubuhi alikuwa akiuacha kila mtoto alipolia, na mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi. Aliupiga ngumi moja katikati. Ukatoa pumzi.

Kila Jumamosi alioka mikate mitano ya sufuria. Sufuria kubwa yenye mchanga, ndogo ndani yake, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Minne ilikwenda sokoni Kosele. Wa tano aliufunga kwa kitambaa safi, kesho yake Gordon, mume wake, akaupeleka kanisani, ambako vijana wawili wenye ukuhani waliumega na kuuombea. Linet hakuwa na neno juu ya hilo. Alipenda kukaa kwenye benchi, kupokea kipande kidogo, na kujua kwamba kimepita katika vidole vyake kabla hakijawa kitakatifu.

"Siku ya ngapi leo?" Roselyn aliuliza, akimpigapiga mtoto mgongoni. Alikuwa amerudi sasa hivi kutoka kwa Wasabato wenzake, kitambaa cheupe bado kichwani.

"Thelathini na nne."

Mtoto wao wa kwanza alikuwa mvulana. Alikaa duniani siku thelathini na tano. Karatasi ya hospitali ilimwita mtoto wa Linet, basi, kwa sababu baba yake alitaka jina litamkwe kanisani kwanza, na kanisani majina na baraka hutolewa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya mfungo. Walingoja. Jumapili moja mvua iliharibu barabara. Ile ya pili ilipofika, mtoto alikuwa tayari nyuma ya nyumba, chini ya udongo mwekundu, bila jina. Ndiyo maana mpaka leo pale sokoni hakuna aliyemwita Linet mama wa nani. Walimwita Nyar Rusinga, binti wa kisiwa cha Rusinga, kama bibi harusi wa jana.

"Nilisema wakati ule," Roselyn alisema, "na nitasema tena. Mlimwacha mtoto wa watu nje ya mlango mkingojea Jumapili ya wanaume."

"Mama, tafadhali."

"Na huyu naye? Hospitali ya Homa Bay walisema nini?"

"Walimpima kila kitu. Sista akasema ni mzima, pengine ni gesi. Tumrudishe akipata joto au akikataa kunyonya."

"Gesi!" Roselyn alicheka kwa pua. "Gesi ya siku tano. Hata mtungi wa jikoni ungekwisha."

Linet aliugawa unga mafungu matano, akayaviringisha moja moja, akayafunika. Kisha, akiangalia kitambaa, akasema kile ambacho hakuwa amemwambia mtu.

"Mama, nimeota. Mara tatu."

Mkono wa Roselyn ulisimama juu ya mgongo wa mtoto.

"Mwanamke amesimama mlangoni. Leso yake imelowa mpaka magotini. Namwambia karibu, haingii. Ananiambia, nimechoka kusimama."

"Sura?"

"Haionekani. Mwanga uko nyuma yake."

Roselyn aliinuka, akafunga mlango wa jikoni, akavua kitambaa cheupe cha kanisani na kukiweka juu ya kabati taratibu, kama mtu anayemwomba mgeni atoke nje kidogo. Alimshika mtoto mbele yake, uso kwa uso.

"Mchungaji wangu asijue," alisema. "Na Wamormoni wako pia wasijue."

Akaanza kuita wafu wa ukoo, maana mtoto hulia mpaka atajwe yule anayetaka jina lake lirithiwe. Aliita kama mtu anayebisha hodi nyumba moja baada ya nyingine. "Wewe ni Achieng, dada ya baba mkwe wangu? Kama ni wewe, nyamaza." Mtoto alilia. "Wewe ni mama yangu niliyemwacha Karachuonyo?" Mtoto alilia, akakunja ngumi. Aliita shangazi, aliita mke mwenza aliyekufa kwa kuzaa, aliita majina ambayo Linet hakuwahi kuyasikia katika boma lile. Kilio kilipanda mpaka kikawa kama sauti ya bati linalokatwa. Roselyn alitokwa na jasho. Majina ya upande wa mwanawe Gordon yalikuwa yamekwisha.

"Nyar Rusinga. Kwenu ni nani aliyekufa?"

"Ni mama tu."

"Mwite."

"Mama, siwezi."

"Ni mama yako au ni wangu? Mwite!"

Linet alimkaribia mtoto. Vidole vilinata unga, kwa hiyo hakumgusa. "Phelesia," alisema.

Mtoto alipiga kwikwi mara moja. Mara mbili. Kisha akanyamaza, macho wazi, yakiwa yameelekea mlangoni.

Roselyn alitabasamu kama mtu aliyepata ufunguo. Lakini Linet alirudi nyuma hatua moja. Kilio alikuwa amekizoea. Kimya hiki kilikuwa na mtu ndani yake.

*

Gordon alirudi saa kumi, vumbi la mawe kwenye nyusi. Alikuwa fundi wa kujenga, mtu wa maneno machache, na katika tawi lao dogo la kanisa alikuwa mshauri wa rais wa tawi, kiongozi wao. Alinawa, akamtazama mtoto aliyelala, akanong'ona kwa furaha, "Amelala?"

"Gordon, jina."

"Jina liko tayari. Nimeshampa Rais Jacktone, na karani Magige amelitia kwenye cheti. Liz." Dada Liz alikuwa mmisionari aliyewafundisha wote wawili kabla ya ubatizo, mwanamke aliyekula omena nao kwa mkono na kufua nguo mtoni pamoja na Linet. Lilikuwa jina jema. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu.

Alimweleza. Ndoto yote, na jikoni, na kimya. Gordon alisikiliza akikwaruza chokaa kwenye kucha.

"Mambo ya juogi, ya mizimu, tuliyaacha majini, Linet. Siku ya ubatizo. Kuwaita wafu juu ya mtoto..."

"Si tunafundishwa wafu wako hai? Wewe mwenyewe ulibeba jina la babu yako mpaka hekaluni Nairobi, ukabatizwa kwa niaba yake. Ulirudi ukilia."

"Ile ni kazi ya Bwana. Ina utaratibu."

"Na jina la mtoto?"

"Lina utaratibu pia. Linatamkwa na mwenye ukuhani."

"Kutamka, sawa. Kuchagua je?"

Hilo halikuwemo katika masomo. "Usinichanganye," Gordon alisema. "Nitawaambia nini? Kwamba mama mkwe alikuja kwa ndoto? Rais atanionaje? Mimi ndiye ninayefundisha darasa la wazee!"

"Kesho ni Jumapili ya kwanza, na ni siku ya thelathini na tano."

"Najua kuhesabu."

Alitoka. Linet alimwona dirishani akiwa amesimama nyuma ya nyumba, mikono kiunoni, akitazama chini, mahali ambapo majani yalikuwa mafupi kuliko kwingine.

*

Asubuhi mtoto aliamka akilia, na alilia njia nzima mpaka kwenye ukumbi waliokodi. Mlangoni alisimama Dada Irine, rais wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, akiwapa watu mikono.

"Yaye, huyu ana sauti ya mhubiri!" Irine alicheka. "Bahati mbaya ni msichana." Kisha akamwona Linet vizuri, akamvuta pembeni. "Una nini?"

"Dada, ukiwa na jambo la mtoto wako, na yuko ndani ya duara la wanaume, unafanya nini?"

"Unakaa. Benchi la mbele. Nimezaa wanne, mara nne nimekaa." Alimfunga Linet kifungo cha shingoni kilichokuwa wazi. "Ukuhani wanao wao, nepi tunazo sisi. Hivyo ndivyo ninavyojiambia, nacheka, inapita."

"Na isipopita?"

Macho ya Irine yalikwenda ndani ya ukumbi, kwenye lile benchi. "Wa tatu nilitaka aitwe jina la dada yangu," alisema. "Sikuwahi kumwambia mtu. Ingia, wimbo unaanza."

Baada ya wimbo, Rais Jacktone alisimama akatangaza kwamba Kaka Gordon atampa mwanawe jina na baraka. Linet alisimama na mtoto. Gordon alishuka jukwaani, tai imemkaba, akanyoosha mikono. Vidole vya Linet havikuachia upesi. Walitazamana juu ya kile kichwa kidogo chenye nywele za jasho, na Linet aliona jambo ambalo hakulitegemea. Mume wake alikuwa na hofu kama yake.

Kisha mikono yake ikabaki mitupu, na akakaa.

Wanaume sita walifanya duara. Kila mmoja aliweka mkono wa kushoto juu ya bega la mwenzake na wa kulia chini ya mtoto, wakampandisha na kumshusha taratibu. Kutoka kwenye benchi hakuonekana mtoto. Ilionekana migongo tu, makoti sita, na kilio kikitoka katikati kama moshi. Magige, karani, mwalimu Mkuria aliyehamishwa kutoka Migori, alishika kipaza sauti mdomoni mwa Gordon. Ni kwa ajili ya watu kama yeye, wasiojua Kijaluo, walisali kwa Kiswahili.

"Baba yetu uliye Mbinguni," Gordon alianza, "kwa mamlaka ya ukuhani wa Melkizedeki tumemshika mtoto huyu mikononi, tumpe jina na baraka. Na jina atakalojulikana nalo, katika kumbukumbu za kanisa na siku zote za maisha yake, ni..."

Akanyamaza.

Mtoto alipiga ukelele, akakatika pumzi. Sekunde moja hapakuwa na sauti yoyote, wala kilio. Linet aliijua sekunde hiyo. Yule mvulana aliingia ndani ya sekunde kama hiyo na hakutoka tena.

Hakukumbuka kuinuka. Sakafu ilikuwa ndefu. Macho yote yalikuwa yamefumbwa, isipokuwa ya watoto wadogo, nao walimtazama akipita kama wanavyotazama kuku aliyeingia kanisani. Alifika nyuma ya mume wake. Hapakuwa na nafasi ya kuingia. Bega liligusana na bega. Alisogeza mdomo karibu na sikio lake, akanong'ona kwa sauti ambayo mtu mmoja tu angepaswa kuisikia.

"Phelesia."

Lakini kipaza sauti kilikuwa pale pale. Jina lilitoka kwenye spika mbili za ukutani, kwa sauti ya mwanamke, likajaza ukumbi mzima. Nyuma mtu alivuta pumzi. Mabega ya Rais Jacktone yalikakamaa, na kichwa chake kikageuka kidogo. Linet aliweka kiganja mdomoni. Sasa watamwambia atoke. Sasa watamrudisha mtoto bila jina, kama yule.

Ndani ya duara mtoto alipata pumzi, akalia upya.

"...ni Phelesia," Gordon alisema.

Alikuwa ameandaa baraka ndefu. Linet alimsikia akiikariri wiki nzima: ushuhuda, elimu, ndoa ya hekaluni. Hakusema hata moja. "Naomba aishi," alisema. Sauti ikavunjika, akaitafuta tena. "Naomba tu aishi. Leo. Na kesho. Naomba aishi." Makoti yote sita yalitikisika kidogo kwa mtikisiko wa mtu mmoja. "Katika jina la Yesu Kristo, amina."

Amina ya watu ilikuja ikiwa imechelewa, yenye nguvu zaidi upande wa kina mama. Ya Dada Irine ilisikika peke yake mwishoni.

Duara lilifunguka, na wanaume wakamkuta Linet amesimama kati yao. Rais Jacktone ndiye aliyekuwa na mtoto mkononi. Alimtazama mama, akamtazama mtoto, na uso wake haukusema kitu ambacho Linet angeweza kukisoma.

"Dada Linet."

"Rais."

"Baada ya mkutano, ofisini. Wewe na Kaka Gordon."

"Sawa, Rais."

Rais alimrudishia mtoto. Magige alikohoa, kipaza sauti bado kinaning'inia mkononi. "Rais, cheti nimeshachapa Liz. Na printa iko Homa Bay."

"Keti, Magige. Tutaongea."

Linet alirudi kwenye benchi. Mtoto alitafuta titi kwa hasira, akalipata, akanyamaza kwa kufanya kazi. Akimeza, alisikika. Titi la pili nalo lilianza kutiririka, likalowesha gauni la Jumapili, doa likakua mbele ya watu wote, na hakuwa na mkono wa kulifunika. Mezani, vijana wawili walikunja kitambaa cheupe wakaanza kuumega mkate. Nje jua lilikuwa bado halijafika kichwani. Siku ilikuwa imebaki ndefu, na Linet alijua ataihesabu yote, pumzi kwa pumzi.

Gordon hakupanda jukwaani. Kiti chake kando ya Rais kilibaki kitupu. Alikaa kwenye benchi, ubavuni mwa mkewe, akitazama mbele, na mkono wake wa kulia ukaingia chini ya mtoto. Pale ulibaki, kiganja wazi, ukipanda na kushuka taratibu, kama mtu asiyejua kwamba sala imekwisha.